Paspoti Iliyovuka Bila Mwenyewe

Jémima bado amesimama pale pale tulipomwacha, ndani ya chumba cha mchumba wake Lusajo, paspoti mkononi, na nje mwanaume anapangusa viatu kwenye gunia. Wiki nzima mmenisumbua kwa ujumbe. Mama mmoja wa mtaa wa Manika ameniambia nimwache binti wa watu aolewe kwa amani. Mama, hata mimi ningependa, lakini paspoti ilikwisha kufunguliwa.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mambo ni haya. Jémima Mushiya anapika bukari, yaani ugali, pamoja na mama yake, Mama Mbombo, katika mgahawa wao kando ya barabara ya malori hapa Kolwezi. Lusajo ni Mtanzania wa Mbeya, fundi wa injini, na Jumamosi hii inayokuja wanakwenda kuandikisha ndoa kwenye ofisi ya commune. Mgeni ambaye karatasi zake hazijanyooka haozeshwi. Jémima alikuja kuchukua paspoti akatoe fotokopi, akaipekua, akakuta muhuri mmoja haupo.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa safari ya Dilolo. Muda wa kukaa wa Lusajo ulikuwa ukingoni, kwa hiyo alitoka Congo, akaingia Luau upande wa Angola, akarudi na muda mpya, kama wageni wengi wa Kolwezi wanavyofanya. Ndivyo alivyosema yeye. Muhuri wa kutoka Congo ulikuwepo. Wa kuingia Angola ulikuwepo. Wa kuingia Congo tena ulikuwepo. Wa kutoka Angola, hakuna.

Mlango ukafunguliwa.

Lusajo hakukasirika kukuta mkono wa mtu kwenye vitu vyake, na hilo ndilo lililomtia Jémima wasiwasi. Alimtazama yeye, akaitazama paspoti, akauliza kwa upole kama kuna kitu kimepotea.

"Natafuta fotokopi ya commune," Jémima alisema. "Lusajo, mu Angola ulitokea wapi?"

"Luau. Ningetokea wapi tena?"

"Cachet yabo ya kutoka iko wapi?"

Akaipokea paspoti na kuutupia ukurasa ule jicho moja tu. Mtu asiyejua kinachokosekana angeangalia zaidi. Akasema wino uliisha, yule wa dirishani akamwambia apite tu, si neno. Kisha akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Tangu waanze uchumba wao, Jémima hajawahi kumwona akifunga kifungo cha mfuko ule.

Wino, jamani. Nchi nzima ya Angola, mafuta wanayo, almasi wanayo, wino wakose.

Jémima hakubisha. Aliitikia, akamkumbusha kwamba fundi nguo anamsubiri kumpima koti, akatoka na tabasamu. Hakumwambia kuwa ule ukurasa alikwisha kuupiga picha kwa simu yake kabla hajaingia.

Alimpenda Lusajo, tusimzulie mengine. Alimpenda mpaka alikuwa anamchekea mama yake bila sababu, na sasa alikuwa anajiuliza kama huko Luau kuna mwanamke mwingine anayechekea mama yake kwa ajili ya mwanaume huyo huyo.

Akaenda moja kwa moja kwa Tonton Donatien.

Tonton Donatien ni binamu wa marehemu baba yake. Aliwahi kufanya kazi ya uhamiaji mpakani, akastaafu, lakini kazi yenyewe haijamtoka mwilini. Siku hizi anakaa chini ya mwavuli mbele ya ofisi ya uhamiaji, anawaandikia watu maombi, na kila afisa anayepita anamwita mwanangu, hata wale wasiomjua. Aliishika simu ya Jémima, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akaanza kucheka peke yake.

"Cachet iko ine," alisema. "Kutoka kwetu, kuingia kwabo, kutoka kwabo, kuingia kwetu. Kama moja inakosa, ile haiko safari."

Jémima akamwambia habari ya wino. Tonton akacheka tena, safari hii mpaka akajifuta macho. Akamweleza mambo ambayo kila dereva wa njia ile anayajua, ila hayasemwi kwa sauti. Wageni wengi wamechoka na barabara ya Dilolo, mashimo na vumbi, magari kulala porini. Basi mwenyewe anabaki Kolwezi na kazi yake, paspoti anampa dereva. Dereva anakusanya za watu wengi, anazifunga kwa mpira, anakwenda nazo mpakani, anazirudisha zimegongwa. Wenyewe wanaita kupeleka paspoti matembezi. Ikienda vizuri, zinarudi na mihuri yote minne na mwenye nazo hajakanyaga hata Mutshatsha, njiani.

Jémima akauliza, basi labda na Lusajo alifanya hivyo hivyo, dereva akasahau muhuri mmoja?

Tonton akatikisa kichwa. Dereva wa kazi hii hasahau, maana mwenye paspoti akikamatwa, jina la kwanza kutajwa ni la dereva. Muhuri ule haupo kwa sababu mtu aliyeingia na paspoti ile hakutoka nayo.

"Kwa Angola, uyu mutu angali kule," Tonton akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Sasa ule mwenye unataka kuolewa naye huku Kolwezi, njo nani?"

Akaongeza lingine, lililomchoma Jémima kuliko la kwanza. Mtanzania njia yake ni Kasumbalesa. Anaingia Zambia, watu anasikilizana nao, kwao si mbali. Mtanzania anakwenda kutafuta nini Dilolo, ambako hana ndugu wala hajui lugha? Mwanaume hageuzi njia bure.

Hapo ndipo Jémima alipofanya kosa. Tonton alimwomba amtumie ile picha, akaiangalie vizuri nyumbani kwenye simu kubwa ya mwanawe, macho yake siku hizi yamechoka. Jémima akaituma. Hakufikiri mara mbili. Nami nawaambia, mtu aliyekula mshahara wa mpakani miaka yote ile haombi picha ya paspoti ili kupumzisha macho.

Kesho yake asubuhi lori la Hénock lilisimama mbele ya mgahawa.

Hénock mnamjua. Dereva, ndevu zilizochongwa vizuri, kofia ya njano, maneno laini kama mafuta ya mawese. Anapita kila wiki, leo Dilolo, kesho Fungurume, na akipita lazima ale kwa Mama Mbombo. Mama Mbombo anampenda kwa sababu moja: yeye ndiye anayemletea habari za Ezéchiel.

Ezéchiel ni mdogo wake Jémima, mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Alikuwa anachimba mawe ya madini na vijana wenzake kwenye mashimo nje ya mji, mpaka siku moja hakurudi kulala. Mama Mbombo tension, yaani presha, ilimpanda, wakamlaza. Ndipo Hénock alipoleta habari kwamba kijana amepata kibarua Nzilo, kwenye bwawa la umeme, simu yake ilianguka majini, ila yu mzima na anakula vizuri. Mama akapona na kurudi jikoni.

Asubuhi hiyo Hénock alikula akamaliza, akanawa mikono, akasema leo anapitia Nzilo kabla ya kuendelea na safari. Mama Mbombo akakimbilia ndani, akatoka na makayabu, yale mapande mazuri ya samaki wa chumvi, ameyafunga kwenye gazeti na kuyafunga tena kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Umupatie Ezéchiel," alisema. "Umuambie mama yake anamungojea ku mariage. Hata akose kazi, aje."

Hénock aliupokea mzigo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa heshima. Akasema kijana amenenepa siku hizi, mama hatamtambua. Mama Mbombo akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana.

Jémima alimfuata Hénock mpaka kwenye lori. Akamuuliza, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, kama huko Dilolo amewahi kumwona Lusajo na mwanamke.

Hénock hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alipanda akakaa kwenye usukani, akaiweka sawa kofia yake, akamtazama kwa huruma ambayo Jémima hakuiomba.

"Yaya, mi niko dereva," alisema. "Mambo ya banaume ku njia, usiniulize. Lakini kama ni mi, ningechelewesha kidogo ile mariage."

Akawasha injini akaondoka. Yaani mtu anakumwagia maji ya moto kisha anakupa pole. Jémima alibaki kwenye vumbi, na sasa hakuwa na shaka tena. Alikuwa na hasira.

Alivua kilemba cha jikoni, akamwacha mama yake na masufuria, akachukua pikipiki mpaka garaji anakofanya kazi Lusajo. Alimkuta amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana. Akaipiga ile miguu teke, si la mzaha.

Lusajo akajivuta nje. Jémima hakumpa nafasi ya kusimama. Alimwambia yote: mihuri minne, Angola inayomhesabu kuwa bado yupo kwao, Kasumbalesa aliyoikwepa, na Hénock aliyemshauri acheleweshe ndoa. Akamwambia kama ana mke Luau aseme sasa hivi, yeye Jémima atakwenda mwenyewe commune kufuta majina, na Jumamosi atapika bukari kama Jumamosi nyingine.

"Hénock amesema hivyo?" Lusajo akauliza. Hilo ndilo alilolishika, na Jémima likamshangaza.

"Jibu kwanza. Kule Luau uko na nani?"

Lusajo akaangalia huku na huku. Mafundi wengine walikuwa mbali, wanagombana na gurudumu. Akamvuta mpaka nyuma ya lori.

"Sijawahi kufika Luau," alisema. "Dilolo yenyewe siijui. Paspoti ilikwenda, mimi nikajifungia Fungurume mpaka irudi, ili watu wasinione hapa."

"Umejifungia na nani?"

"Peke yangu, Jémima."

"Na nani aliingia Angola na jina yako?"

Lusajo akateremsha sauti. "Ezéchiel."

Jémima alishika bodi la lori kwa mkono mmoja.

Lusajo akamsimulia, haraka haraka, jicho kwenye lango. Siku ile ambayo Ezéchiel hakurudi kulala, alikuwa amewaona watu wakiiba magunia ya mawe kwenye depo wanamoyaweka wachimbaji kabla ya kupimiwa. Aliwatambua. Ni watu wa Ntambwe, mnunuzi mkubwa wa mawe, yule mwenye magari meusi. Nao walimwona. Rafiki yake aliyekuwa naye pale hajulikani alipo mpaka leo. Ezéchiel alikuja kugonga kwa Lusajo akitetemeka, hakwenda kwao, kwa sababu watu wa Ntambwe wanakula kwa Mama Mbombo kila mchana, na mama akijua ingemwua tension kabla ya Ntambwe.

Kijana hakuwa na paspoti. Kasumbalesa ilikuwa na macho ya Ntambwe. Muda wa Lusajo nao ulikuwa unaisha, ilikuwa lazima paspoti yake ivuke mpaka kwa njia yoyote. Ndipo akamfikiria Hénock, ambaye anapeleka paspoti za wageni matembezi na ambaye lori lake analitengeneza kila mwezi. Lusajo na Ezéchiel wote wembamba, wote wana ndevu, na picha ya paspoti ni ya zamani. Hénock alisema hilo jambo dogo, atampitisha kijana kama msaidizi wake na kumwacha kwa jamaa yake Luau.

"Hénock aliporudi na paspoti alinifungulia huu ukurasa," Lusajo akasema. Alifungua kifungo cha mfuko, akatoa paspoti. "Akaniambia, ona, muhuri wa Luau huu hapa, ameingia. Wa kutoka haupo kwa sababu hajatoka. Tutautengeneza safari ijayo. Jémima, watu wengine wanaona kasoro hapa. Mimi kila nikipaona ni patupu, nashukuru Mungu. Maana yake mdogo wako yupo salama."

Jémima akaishika ile paspoti. Mwanamke aliyekuja na teke aliutazama ukurasa ule ule akalia, akalia bila kujificha, kwa furaha na kwa aibu. Mtu huyu ametoa jina lake kumwokoa ndugu yake, na yeye alikuwa anamtafutia mke. Akamwambia hivyo hivyo, kwamba ana aibu. Lusajo akamfuta uso kwa mkono uliojaa grisi, akamchafua zaidi, na wote wawili wakacheka kidogo.

Sasa hebu ngojeni, maana mimi ningekuwa Jémima ningeuliza swali moja. Naye akaliuliza.

"Ulisikia sauti yake? Toka avuke?"

Lusajo akasema bado. Hénock amemwambia kijana alitupa laini ili wasimfuate, atapata namba ya Angola karibuni. Salamu anazileta Hénock mwenyewe. Hata ile hadithi ya Nzilo ni Hénock aliyeibuni, ili mama atulie.

Jémima alitaka kuuliza zaidi. Kitu kingine kilikuwa kimemjia kichwani na kumpiga kwa nguvu zaidi. Tonton Donatien. Ile picha.

Akatoa simu, akampigia. Haikupokewa. Akapiga tena, ikakatwa. Alipoinua macho, gari la uhamiaji lilikuwa linaingia langoni, na mbele, karibu na dereva, amekaa Tonton Donatien, shati la kazi la zamani limepigwa pasi.

Hakuwa na ubaya, semeni mnavyotaka. Machoni pake alikuwa anamwokoa mtoto wa binamu yake asiolewe na mtu asiye na jina. Alishuka na kifua mbele, akamwambia Jémima asiogope.

Afisa aliyeshuka nyuma yake alikuwa mwanamke, Chef Laure, mtu wa sauti ndogo na mwendo wa polepole. Alisalimia kila mtu. Akaomba paspoti, akaipokea kutoka mkononi mwa Jémima, akaipekua mpaka ukurasa ule, akamuuliza Lusajo kama kweli ni yeye aliyevuka Dilolo.

Hapo Jémima akaelewa yote kwa mara moja. Lusajo akisema ukweli, pengine watamhurumia, lakini jina la Ezéchiel litaandikwa ofisini, na kabla jua halijazama Ntambwe atajua kijana yuko Luau. Akidanganya, atafukuzwa yeye. Jumamosi haitakuwepo.

Lusajo hakumtazama Jémima hata kidogo.

"Ni mimi nilivuka," alisema.

"Na kutoka?"

"Sikugongewa. Kosa langu."

"Basi ku makaratasi ungali Angola, tata," Chef Laure akasema, bila kejeli. Akamweleza kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kukaa Kolwezi wala kuoa Kolwezi. Atapelekwa Dilolo, atakabidhiwa, na kurudi itakuwa taabu. Kisha akatoa simu yake. Tonton alimletea picha tangu jana, akasema, na wao walimuuliza mwenzao wa ng'ambo. Pale Luau siku hizi kila mgeni anayeingia anapigwa picha ya uso. Imefika sasa hivi.

Lusajo akafumba macho.

Jémima akasogea mbele. Alikuwa amekwisha kuamua. Ataonyeshwa sura ya mdogo wake, sura aliyoiogesha na kuibeba mgongoni, naye atasema hajawahi kumwona mtu huyo maishani. Atasema bila kupepesa jicho.

Chef Laure akaigeuza simu. "Mama, uyu mutu unamujua?"

Jémima akaangalia. Lile neno la uongo lilikuwa tayari mdomoni, lakini halikutoka, kwa sababu halikuwa na kazi.

Ndevu zilizochongwa vizuri. Kofia ya njano imeshikwa kifuani. Sura aliyoipakulia bukari asubuhi ile ile.

"Ni Hénock," alisema.

Lusajo akafumbua macho, akainyakua simu bila kuomba ruhusa. Aliitazama, akaitazama tena. Pembeni Tonton Donatien alichungulia naye, akapiga mapaja yake kama mtu aliyeshinda mchezo. Sasa anaelewa, akatangaza. Dereva huyu ana karatasi yake ya udereva, anavuka nayo kila wiki. Aliingia Luau na paspoti ya watu, agongewe muhuri wa kuonyesha, kisha akatoka na karatasi yake mwenyewe. Ndiyo maana muhuri wa nne haupo. Kitu kimoja tu kinamshinda, akasema Tonton. Alitaka kumwonyesha nani?

Lusajo na Jémima walikuwa wanatazamana. Muhuri wa Luau, ule waliokuwa wanaushukuru muda si mrefu, ulikuwa wa paspoti tu. Haukumvusha mtoto wa Mama Mbombo. Ezéchiel aliondoka Kolwezi ndani ya lori la Hénock, na Angola haijawahi kumwona.

Simu ya Jémima ikalia ndani ya aproni. Alikuwa mama yake. Aliipokea, na sauti ya Mama Mbombo ikasikika mpaka kwa Chef Laure, maana akiwa na furaha hajui kusema polepole.

"Jémima, Hénock anatelefona sasa hivi. Iko Nzilo. Anasema Ezéchiel alipata makayabu, alikula yote, anasema aksanti mama."